Stefon Diggs na Buffalo: alitufaa au hakutufaa? Kisa kizima

Usiku wa Jumatatu tarehe 16 Machi 2020 nilikuwa shifti ya usiku kwenye kiwanda kimoja cha vyakula hapa Buffalo, ile wiki mji ndo unaanza kufungwa kwa ajili ya korona na sisi wa vyakula tukaambiwa nyie njooni tu. Tuko breki, tumekaa mbalimbali, kila mtu na kibakuli chake, mara dogo mmoja wa Kenya akasoma kitu kwenye simu, akasimama akapiga kelele "Tumemchukua Diggs!" Chumba kizima kikageuka. Kutoka dakika ile mpaka tunaitwa kurudi kwenye mashine chakula kilipoa hakuna aliyekigusa, ni ubishi mtupu, na ubishi ule ukaenda wiki, ukaenda miezi, ukaenda miaka, na mimi naona mpaka leo watu wanaubishania vibaya, ndo maana nimeamua niuweke wote hapa ulivyokuwa.

Kwa wasiofuatilia futiboli ya Wamarekani nieleze kidogo tu. Kotabeki ndo mpishi, yeye anashika mpira na kurusha. Risiva ni yule anayechomoka mbele kwenda kupokea, kazi yake ni kumwacha beki na kudaka. Unaweza kuwa na mkono wa kurusha mpira mpaka mawinguni, kama huko mbele hakuna anayejinasua kwa beki wake unarusha kwa mabeki. Na timu hazinunuani kwa pesa kama soka, zinabadilishana wachezaji kwa zamu za drafti, yaani haki ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni kila mwaka mwezi wa nne. Zamu ya raundi ya kwanza ni dhahabu. Klabu ikikosea hapo inaumwa miaka.

Timu yetu, Buffalo Bills, ikatoa hiyo dhahabu. Walioenda Minnesota Vikings ni zamu namba 22 ya raundi ya kwanza ya 2020, pamoja na ya raundi ya tano na ya sita mwaka huohuo, na ya raundi ya nne ya 2021. Sisi tukapata Stefon Diggs, risiva wao, na zamu moja ya raundi ya saba, ambayo ni kama chenji ya pipi.

Na hapa muelewe hawa wabishi ni kina nani. West Side ya Buffalo imejaa Wakongo na Warundi waliokuja kama wakimbizi, Kiswahili unakisikia dukani, kanisani, kwenye basi. Ukikaa huu mji misimu miwili ya baridi Bills inakuingia hutaki unataka, maana Jumapili hakuna kingine kinachozungumzwa. Pale kiwandani tulikuwa na mzee mmoja wa Uvira, mtu mzima, mpole, kajifunza huu mchezo ukubwani na anaujua kuliko wengi waliozaliwa hapa. Yule dogo wa Kenya ye kichwa chake ni takwimu tupu. Halafu mimi, na wengine watatu wanne wanaochangia.

Mzee alikataa tangu dakika ya kwanza. Hakupandisha sauti, aliweka kijiko chini akasema, "Huyu kijana kagombana na kocha wake kule, mnafikiri akishuka ndege hapa atakuwa mtu mwingine?" Na hakuwa anaongea hewa. Oktoba 2019 Diggs alikosa mazoezi ya Vikings bila ruhusa, klabu ikampiga faini ya zaidi ya dola laki mbili, na waandishi walipomuuliza kuhusu tetesi kwamba anataka kuondoka hakuzikana. Mzee pia alikuwa anabeba majeraha ya zamani ya mji huu, ambayo wazungu wa pale kazini walimsimulia mpaka akayashika kama yake. Mwaka 2009 risiva Terrell Owens alikuja Buffalo kwa mbwembwe, akakaa msimu mmoja, timu ikashinda mechi 6 ikapoteza 10, akaondoka. Mwaka 2014 klabu ikatoa raundi ya kwanza mbili na nyongeza juu ili imchague Sammy Watkins namba 4, na 2017 wakamuuza kwa Rams. Machi 2019 zikavuma habari kwamba Antonio Brown anakuja, ikaisha hewani. Kwa hiyo mzee akatuambia mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeshatafunwa na hawa marisiva mara ngapi.

Dogo yeye hakuwa na shida na tabia, shida yake ilikuwa bei. Siku hiyohiyo, ile tarehe 16 Machi, Houston walimtoa DeAndre Hopkins kwenda Arizona. Hopkins! Wengi walikuwa wanamtaja kama risiva bora kuliko wote wakati ule. Na Arizona walitoa nini? David Johnson, ambaye ni mbeba mpira aliyekuwa kashuka kiwango, na zamu ya raundi ya pili, na ya raundi ya nne ya mwaka unaofuata, halafu wakarudishiwa na kachenji. Dogo akawa anapiga meza, "Mwenzetu kanunua ng'ombe kwa bei ya mbuzi, sisi tumenunua mbuzi kwa bei ya ng'ombe!" Chumba kikacheka, na ukweli hoja ile ilikuwa nzito, iliwasumbua mashabiki wa Bills mji mzima, sio sisi tu.

Ila kuna kitu dogo alikuwa anakiruka. NFL, yaani ligi yenyewe, ina kikomo cha mishahara, klabu haiwezi kumwaga pesa inavyotaka, kwa hiyo ukimchukua mchezaji unachukua na mkataba wake. Hopkins alikuwa anataka mkataba mpya, na kweli Septemba akapewa miaka miwili ya nyongeza kwa dola milioni 54.5. Diggs alikuja na mkataba aliosaini 2018, miaka mitano dola milioni 72, umefungwa tayari, na ana miaka 26 tu. Ukiviweka vyote kwenye mizani ile bei ya mbuzi na ng'ombe haisimami vizuri hivyo. Nilimwambia, hakunielewa usiku ule, na kusema kweli hata mimi nilikuwa naisema nusunusu kwa sababu na mimi nilikuwa upande wa wapinzani, kwa sababu nyingine kabisa.

Mimi nilitaka kijana wa drafti. Mwaka ule drafti ilikuwa imejaa marisiva, kila mchambuzi alikuwa anaimba wimbo huo, na mwishowe sita walichaguliwa raundi ya kwanza peke yake: Ruggs, Jeudy, Lamb, Reagor, Jefferson, Aiyuk. Nikasema mbona tunanunua sokoni kitu ambacho kesho kinaota shambani? Kijana wa raundi ya kwanza anakuja na mkataba wa miaka minne wa bei nafuu, unamlea mwenyewe, anakua pamoja na kotabeki wako. Na Vikings walifanya hivyohivyo, ile ile namba 22 tuliyowapa wakamchagua Justin Jefferson kutoka chuo cha LSU, na msimu wake wa kwanza kabisa akapokea pasi 88 kwa yadi 1,400. Nitarudi hapo.

Sasa kulikuwa na dereva mmoja wa foklifti, Mrundi, mtu wa maneno machache, breki nzima alikuwa kimya. Ye ndo alisema kitu cha maana kuliko sisi wote, na wakati ule tulikipita kama hatukukisikia. Alisema, "Nyie mnajadili Diggs. Jadilini Josh."

Josh Allen, kotabeki wetu, alichaguliwa namba 7 mwaka 2018 kutoka chuo cha Wyoming. Mkono wa ajabu. Lakini msimu wa kwanza pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 52.8, wa pili 58.8, na kwa huu mchezo wa siku hizi hizo ni namba za chini sana. Mipira mirefu ndo ilikuwa inatia huzuni, risiva kawaacha mabeki, uwanja mweupe, Josh anauachia mpira unapita juu ya kichwa cha mtu kama ndege inatafuta kutua Toronto. Tarehe 4 Januari 2020 kule Houston tulikuwa tunaongoza 16 kwa 0 kwenye mechi ya mtoano, tukafungwa 22 kwa 19 muda wa nyongeza, na Josh siku ile alikuwa kama mtu anayekimbizwa, anarusha huku anaanguka. Nililala vibaya siku mbili.

Kwa hiyo swali lenyewe halikuwa Diggs mzuri ama mbaya. Uzuri wake unajulikana, ndo yuleyule wa Januari 2018 aliyeruka akadaka sekunde za mwisho dhidi ya Saints akakimbia mpaka mwisho, yadi 61 ukihesabu na pasi yenyewe, wakashinda 29 kwa 24, na Minnesota wakaupa jina la muujiza. Swali lilikuwa, kotabeki ambaye pasi zake hazitulii anahitaji risiva wa aina gani?

Hapa mtaa ukagawanyika. Wengi walisema anahitaji jitu refu, mtu wa futi sita na nusu mwenye mikono ya kuvuna maembe, ili mpira hata ukienda ovyo aufuate. Na 2019 marisiva wetu walikuwa wafupi kweli, John Brown na Cole Beasley, Beasley ni futi tano na inchi nane. Diggs naye ni futi sita kamili, si mrefu. Kwa hiyo wakasema tumeongeza mfupi mwingine, Josh atamrushia juu ya kichwa vilevile.

Wachache, kina yule dereva, waliona kinyume. Walisema Josh hakosei kwa sababu mkono wake mbovu, anakosea kwa sababu anasubiri. Anaushikilia mpira mpaka aone kwa macho kwamba mtu yuko huru, na kufika hapo mabeki wameshamfikia, anaanza kukimbia, miguu haijakaa, mpira unaondoka vibaya. Mpe risiva anayejinasua mapema, hatua mbili tatu za kwanza tu beki kashaachwa, basi Josh atarusha kwa wakati, miguu chini, na asilimia zitapanda zenyewe. Na kumwacha beki mapema ndo kazi ya Diggs. Muangalieni miguu, msimuangalie mikono. Anamwendea beki kama anakwenda ndani, bega linadanganya, kiuno kinashuka, beki anahamisha uzito, na mguu wa nje unapogonga nyasi jamaa kashageuka. Hakuna mbio za ajabu hapo, ni ufundi wa miguu tu. Nilirudia picha zake za Minnesota wiki nzima nikiwa nyumbani baada ya shifti, nikaanza kuyumba.

Kulikuwa na hoja ya upepo pia. Vikings wanacheza ndani, uwanja una paa. Uwanja wetu wa Orchard Park uko wazi na upepo wa Ziwa Erie ukija mwezi wa kumi na mbili unakata masikio. Watu wakasema mtoto wa ndani huyu atakauka. Hoja hii haikuwa na miguu, mpira wa Josh unapasua upepo.

Msimu ukaanza bila mechi hata moja ya majaribio kwa sababu ya korona, na bila mashabiki uwanjani kwetu. Septemba 13 dhidi ya Jets, Diggs pasi 8, na Josh kwa mara ya kwanza maishani mwake kwenye NFL akavuka yadi 300. Wiki iliyofuata Miami, Diggs yadi 153, Josh yadi 415 na tachidauni 4 (tachidauni ndo bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja), ushindi 31 kwa 28. Breki ya Jumatatu ile dogo alikuja na karatasi kaandika namba, mzee akaziangalia, akasema bado mapema.

Kilichonivutia sana mimi si yadi za Diggs, ni Beasley. Kocha wa mashambulizi Brian Daboll alianza kupanga marisiva watatu, wanne kwa wakati mmoja, mabeki wawili wanamfuata Diggs kila aendako, na yule mfupi wa futi tano anabaki katikati na beki mmoja tu. Akamaliza na yadi 967, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake ya mpira. Hii haionekani kwenye namba za Diggs na ndo sehemu kubwa ya kile klabu ilicholipia.

Halafu ikaja Novemba 15, Arizona. Yaani kama kuna mtu aliiandika. Sekunde 34 zimebaki Diggs anapokea tachidauni, Bills tunaongoza 30 kwa 26, dogo kasimama juu ya kochi (tulikuwa kwangu, watatu tu, korona). Sekunde za mwisho kabisa kotabeki wao Kyler Murray anakimbia kushoto, anarusha mpira wa kubahatisha yadi 43, na nani anaruka katikati ya mabeki wetu watatu anaushusha? Hopkins. Yuleyule wa bei ya mbuzi. 32 kwa 30. Dogo alikaa chini hakusema neno, na mimi sikumwangalia usoni kwa kumheshimu. Usiku ule ungepiga kura mji wa Buffalo wangesema tungemchukua Hopkins.

Lakini msimu haukuishia pale. Desemba 19 Denver, Diggs pasi 11 yadi 147, Bills 48 kwa 19, bingwa wa kundi letu la AFC Mashariki (AFC ni nusu moja ya ligi) kwa mara ya kwanza tangu 1995. Usiku ule kwenye baridi watu walijazana uwanja wa ndege kuisubiri timu, na mzee wa Uvira alikuwepo, kafunga skafu mpaka machoni, kambeba mjukuu. Desemba 28 kule New England, Jumatatu usiku taifa zima linatazama, Diggs tachidauni tatu, 38 kwa 9. Patriots hao ndo waliotutesa miaka ishirini. Mwisho wa msimu Diggs ana pasi 127 na yadi 1,535, kaongoza ligi nzima kwa vyote viwili. Josh kapanda mpaka asilimia 69.2 na tachidauni 37 za kurusha. Kutoka 58.8 mpaka 69.2 kwa mwaka mmoja. Kuna kukomaa kwake, kuna Daboll, sikatai, ila mtu anayeniambia Diggs hakuhusika hapo hakuangalia mechi.

Tulitolewa na Kansas City Chiefs fainali ya AFC, 38 kwa 24. Wenzake walipoingia ndani Diggs alibaki uwanjani amesimama anaangalia karatasi za rangi zinamwagika juu ya Chiefs. Mzee aliiangalia ile picha kwenye simu yangu muda mrefu. Akanirudishia simu akasema, "Huyu anaumia kweli." Kutoka hapo hakumsema vibaya tena mpaka 2023.

Maana 2023 ndo yale aliyoyaogopa yakaja. Aprili 2022 klabu ilikuwa imempa mkataba mpya, miaka minne ya nyongeza, dola milioni 96. Januari 2023 tukafungwa na Bengals 27 kwa 10 kwenye theluji, nyumbani kwetu, na televisheni ikamuonyesha Diggs pembeni kanyoosha mikono anamfokea Josh. Juni siku ya kwanza ya kambi ya lazima hakuwepo mazoezini, na kocha Sean McDermott akakiri mbele ya waandishi kwamba ana wasiwasi sana. Msimu ulioanza hapo alianza kwa moto, halafu baada ya katikati ya Oktoba hakufikisha tena yadi 100 kwenye mechi hata moja. Novemba wakabadilisha kocha wa mashambulizi, wakaanza kukimbiza mpira zaidi, na Diggs akawa anatazamwa na mabeki lakini mpira haumfikii. Januari 2024, Chiefs tena, nyumbani, Josh anaachia mpira mrefu wa hatari, mzuri, kama ile tuliyoilia 2019 isiyofika, sasa umefika kabisa mikononi. Diggs anauangusha. Alimaliza na pasi 3 yadi 21, tukafungwa 27 kwa 24.

Mpira ule nimeurudia mara nyingi. Ukiusimamisha unaona mpira umeshuka pale pale unapotakiwa, viganja vimefunguka, na unapita. Miaka minne nyuma tulibishana kama Josh anaweza kuufikisha, na siku aliyoufikisha aliyemfundisha kuufikisha ndo aliyeukosa. Iliniuma kuliko kufungwa kwenyewe.

Aprili 3, 2024 wakamtoa kwenda Houston, sisi tukapata raundi ya pili ya 2025, ambayo asili yake ilikuwa ya Vikings haohao, na tukabeba dola kama milioni 31 kwenye hesabu zetu za mishahara kwa mtu asiyekuwepo. Msimu uliofuata bila yeye Josh akawa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, Khalil Shakir ndo akaongoza marisiva kwa yadi 821 tu, mpira ukawa wa kugawana, tukafika tena fainali ya AFC. Na Diggs Oktoba akaumia goti Houston.

Baada ya hapo wengi wakaanza kusema mnaona, hakuwa anahitajika. Mimi nakataa kabisa. Josh wa 2024 anagawa mpira kwa kila mtu kwa sababu anarusha kwa wakati, na kurusha kwa wakati alikujifunzia kwa mtu mmoja mwaka 2020. Wengine wanaleta Jefferson, kwamba tungebaki na namba 22 tungempata yeye, risiva ambaye 2022 alipata yadi 1,809 akawa mchezaji bora wa mashambulizi wa ligi. Hii ilikuwa hoja yangu mwenyewe ile Machi, na nimeiacha. Kwanza hakuna anayejua Bills wangemchagua yeye, maana timu nne zilichagua marisiva wengine kabla yake. Na Josh asingeweza kusubiri kijana ajifunze ligi katika mwaka usio na mechi za majaribio. Vikings walipata kilichowafaa na sisi tukapata kilichotufaa, na biashara kama hiyo ni nadra.

Juzi nimekutana na mzee, kastaafu sasa, mjukuu wake kawa mrefu. Nikamuuliza, mzee, ile raundi ya kwanza ungeitoa tena? Akasema angeitoa, leo leo, na ya mwaka unaofuata wangeitaka angewapa. Ila ule mkataba wa 2022 yeye asingeusaini, angemwacha amalizie ule wa zamani kisha kila mtu ashike njia yake. Mimi nikamwambia bila ule mkataba asingekuja kambini kabisa, na 2022 ile alitupa yadi 1,429 na tachidauni 11, nani angezileta? Akatikisa kichwa. Tukasimama pale nje ya duka zaidi ya nusu saa na mifuko mikononi, baridi inapiga, mjukuu anamvuta babu yake koti waende nyumbani.